Vipando Havishukuriwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikasirika, na kusema kweli sikupoa mpaka nilipostaafu. Niliripoti Kitengo cha Ugani cha chuo kikuu chetu, pale Tororo, nikiwa na stashahada ya kilimo na viatu vya ngozi nilivyoazima kwa dada yangu. Mkuu wa Kitengo alivitazama vile viatu, akaguna, akanitupia gambuti za kiume.

"Watafiti wanatafiti," aliniambia. "Sisi wa ugani tunabeba. Leo unabeba mihogo hadi Buteba."

Nikabeba. Ninyi vijana mnaofanya ugani kwa kutuma ujumbe wa simu huenda hamjawahi kushika kipando, kwa hiyo niwaeleze. Muhogo haupandwi kwa mbegu za kumwaga. Unakata shina lililokomaa vipande vya shibiri moja, kila kipande kiwe na macho, yaani yale mafundo yanayochipua, kisha unafukia. Hivyo ndivyo vipando. Shina mama likiwa na batobato, ule ugonjwa wa kukunja majani, mtoto naye anazaliwa nao. Ndiyo maana chuo kilizalisha vipando safi na sisi tukavigawa.

Buteba niligawa mpaka mgongo ukauma. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyesema asante. Anapokea mzigo wake, ananigeuzia mgongo, anakwenda. Mimi ni mtoto wa Busia. Mama yangu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale mpakani, akatulea kwa Kiswahili cha sokoni na kwa makofi kila tuliposahau asante, maana mteja asiyeshukuriwa harudi. Nilirudi ofisini nikifoka kwamba wale watu hawana adabu. Mkuu wa Kitengo alicheka hadi akakohoa, wala hakunieleza kitu.

Aliyenieleza ni Mama Owor, miaka mingi baadaye, nilipohamishiwa Paya. Alikuwa mjane mwenye shamba kubwa kuliko subira yake.

"Madam, mbegu ya muhogo hapana shukuru," alisema kwa Kiswahili chake chenye "na" moja ya watu wote na vitu vyote. "Ukisema asante, nakauka. Mtu napewa, nanyamaza, nageuka, nakwenda kupanda. Hapana tazama nyuma."

"Nani kasema?"

"Muhogo ndiyo nasema."

Nilimwambia kinachokausha kipando ni jua. Alinitazama kwa huruma, akaendelea kupalilia.

Huko Paya nilikuwa chini ya Mratibu wa Mradi, mtu mwenye vyeti vya kutosha kuezekea nyumba. Mratibu alipenda mabango. Hatukupanda hata mche mmoja kabla bango halijasimama. Kwa Mama Owor tulikuwa na ekari moja ya kuzalishia, mihogo ya aina mpya inayovumilia batobato. Makubaliano yalikuwa kwamba mashina yakikomaa, wanawake wa Paya watagawiwa vipando, lakini siku hiyo wawepo wageni, spika na fulana zenye jina la mradi. Mashina yakakomaa. Kila nikiuliza siku, naambiwa fulana bado ziko kwa mchapaji. Mungu anisamehe kwa niliyoyasema juu ya yule mchapaji.

Basi ukaja upepo. Redio iliuita kimbunga. Sisi bahari hatuna, lakini sijui jina lingine la upepo unaong'oa paa la kanisa na kulilaza katika shamba la katekista. Ukafuatwa na mvua ya mawe. Kulipokucha migomba ilikuwa chini, mihogo ya watu imevunjika, na mizizi imezama, karibu itaoza ndani ya maji. Watu walichimba kilicholika wakala, wakijua kikiisha ni njaa, labda wapande upya kabla udongo haujakauka. Vipando safi katika Paya nzima vilikuwa kwa Mama Owor. Ekari yote ilikuwa imelala, ila mashina yalikuwa hai.

Shina lililoanguka ni kama mboga iliyochumwa. Ukilikata upesi ukalisimamisha kivulini, linakungoja. Ukiliacha juani, linakufa kuanzia ncha. Nilimpigia Mratibu nikamwomba ruhusa ya kukata.

"Usiguse kitu!" alisema. "Timu ya tathmini inakuja. Wafadhili wanataka kuona uharibifu."

"Uharibifu umejaa tele, Mratibu. Waonyeshe paa la kanisa."

"Kanisa si la mradi."

Timu ilitoka Nairobi ikakwama Malaba nyuma ya foleni ya malori. Ilipovuka, kamera yao ya kuruka ikataka kibali. Kibali kilipopatikana, Mratibu akaona ni vizuri wazisubiri zile fulana. Na jua, baada ya mvua ile, liliwaka kana kwamba limelipwa.

Kila asubuhi wanawake walikuja, wakasimama kwenye ua wa shamba, wakatazama. Hawakuniomba. Heri wangenitukana.

"Madam," Mama Owor akaniambia, "hao wageni nakuja kuona ama nakuja kuzika?"

"Ni amri ya Mratibu."

"Mratibu nalima wapi?"

Kipimo chetu cha uhai wa shina ni ukucha. Unakwaruza gome, utomvu mweupe ukichuruzika mara moja, shina ni zima. Nilikwaruza karibu na ncha, pakavu. Nikashuka katikati, nikangoja, nikangoja, utomvu ukatoka kwa shida. Niliona aibu mbele ya wale wanawake, kisha hasira ikaishinda aibu.

"Leteni panga," nikasema.

Tulikata tangu asubuhi. Ncha zilizokauka tulizitupa, sehemu zenye utomvu tukazifunga mizigo kwa kamba za mgomba. Mmoja mmoja walipokea, wakanyamaza, wakageuka, wakaenda. Safari hii sikununa. Sikuwa na nafasi ya kununa. Mstari mmoja niliuacha umelala vilevile, wageni wapate picha yao.

Mratibu alifika kesho yake na msafara wake, wote ndani ya fulana mpya. Alizunguka bango lake, akatazama shamba lililonyolewa.

"Data iko wapi?"

"Imepandwa."

"Umeharibu shamba la mradi!"

"Upepo ulianza, Mratibu. Mimi nimemalizia."

Mradi ukaondolewa Paya, nami nikahamishiwa stoo ya chuo, ambako nilimalizia utumishi wangu nikitafuta gambuti zinazofanana. Stoo haikuniuma. Kilichoniuma ni kutojua kama vile vipando vilishika. Nilimpigia Mama Owor. "Kipando hapana ulizwa," akasema, akakata simu. Kwenda mwenyewe niliogopa. Kama vilikauka, ningewatazama wale wanawake kwa uso gani?

Nilistaafu mwaka jana. Chuo kiliniandalia hafla, nikapewa saa ya ukutani na chupa ya chai. Mratibu, ambaye sasa ni Profesa, alinipa shukrani zisizo na kifani, akazirudia kwa Kiingereza. Nilikaa nikifikiri kwamba katika kazi yetu asante huwa nyingi mahali ambapo hakuna kilichopandwa. Vijana, hilo ndilo fundisho langu, mlichukue au mliache.

Hotuba zikiendelea, mlangoni akatokea Mama Owor, hakualikwa, ana mzigo kichwani. Alipita katikati ya viti, akauweka mikononi mwangu. Mashina ya muhogo, manene. Nilikwaruza moja kwa ukucha palepale, utomvu ukanichuruzikia kidoleni.

"Ya wapi?" nikauliza.

"Ile yako. Paya yote napanda hii. Jana nimepeleka kwa mukwe wangu Buteba."

Malezi ya mama yangu yakanipanda mdomoni: "Asa..."

Mama Owor akanikazia macho. Nikafunga mdomo. Nikamgeuzia mgongo, yeye na meza kuu na saa ya ukutani, nikaelekea mlangoni. Nyuma yangu nilimsikia Profesa akiwaambia wageni kwamba mimi adabu sikuwa nayo tangu zamani.

Sikutazama nyuma. Nilikuwa na vipando mkononi.