Jicho la Mashine Uani kwa Mama Hadija

Ipo siku moja ya kijijini Chilangala, kule Newala, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka viganja vinatoa jasho. Nakusimulia kwa sababu nasikia wiki ijayo wewe na wenzako wa chuo mnaipeleka roboti yenu kwa watu.

Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi, miaka ile biashara ilipoachiwa watu binafsi. Viwanda vya kubangua korosho vilikuwa vimefungwa, na wanunuzi walipanda Newala kila msimu kuchukua korosho ghafi. Mimi na Bakari, mwenzangu wa darasa kutoka Masasi, tukaunda mashine ndogo ya kubangulia nyumbani. Visu vyake vilizungushwa na mota, na mdomoni, pale pa kuingizia korosho, tulifunga taa na jicho la umeme likitazama ile taa. Mkono ukikatiza mwanga, visu visimame. Karakanani chuoni havikutuangusha hata mara moja.

Tuliipeleka kwa Mama Hadija, mkulima wa Chilangala aliyekubali kutupokea. Majirani wakajaa uani. Jenereta likawashwa, visu vikaanza kulia. Bakari, furaha imemjaa, akasema, "Mama, ingiza mkono uone inavyojizima."

Mama Hadija akakunja mkono wa gauni, akainama. Hapo ndipo nikaona jua la mchana limelipiga lile jicho moja kwa moja. Karakanani hatukuwa na jua, mwanangu. Sasa jicho likijaa mwanga wa jua, litajuaje kwamba mkono umeziba taa? Sikuwa na hakika. Watu wote wale, na Bakari anatabasamu.

"Mama Hadija, subiri!"

"Rehema, usituaibishe," Bakari akaninong'oneza. "Si tumeshaijaribu?"

Nilichukua muhogo kwenye ungo uliokuwa kando, nikausukuma mdomoni mwa mashine. Visu havikusimama. Vipande viliruka hadi miguuni kwa watu.

Bakari alizima jenereta, akakaa chini. Mama Hadija aliviangalia vidole vyake, akavikunja, akavikunjua.

"Wanangu," alisema taratibu, "msiondoke nayo. Itengenezeni hapa hapa, nione."

Tulikata kopo la maziwa, tukalifanyia jicho kivuli. Tukasukuma muhogo tena na tena mpaka ungo ukabaki mtupu, na kila mara visu vilisimama. Hata hivyo, Mama Hadija alipoinuka, Bakari alimzuia.

"Hapana, mama. Naanza mimi."

Akaingiza mkono. Nilifumba macho. Mlio wa visu ukakatika, na nilipofumbua Bakari alikuwa ameuinua mkono wake mzima, machozi yanamtoka.

Basi nakuusia, mwanangu: wasiwasi ukikushika mbele ya kazi yako, useme papo hapo, hata kama sauti inatetemeka na watu wanakutazama. Kijaribu chombo chako pale kitakapotumika, usitosheke na meza ya chuoni. Na hatari ya kwanza usimwachie mtu aliyekuamini. Haya, nenda. Mungu ailinde mikono yako, na mikono ya kila atakayeshika ulichokiunda.