Miwaridi Iliyotiwa Dawa ya Pamba

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa bwana shamba katika kijiji cha ujamaa. Sikumpenda tangu mwanzo. Baada ya mambo ya miwaridi nikamchukia, na sioni sababu ya kuficha.

Nilikuwa na mashina kumi na mawili ya miwaridi nyuma ya nyumba yangu, mtaani Kanyenye. Niliyapanda mwaka aliozaliwa binti yangu, kwa nia moja tu: siku ya harusi yake kitanda kitandazwe mawaridi ya nyumbani kwao, si ya kuomba kwa watu. Harusi tukaipanga mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, katikati ya kiangazi.

Kila siku baada ya sala ya alfajiri niliosha majani kwa maji, hasa upande wa chini. Huko ndiko utitiri mwekundu unakojificha, na vumbi la barabarani linauzidisha. Vidukari, vile vidogo vya kijani vinavyofyonza matumba, sikuhangaika navyo. Viliwindwa na vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi mgongoni, ambavyo vilikula na utitiri pia. Hayo sikufundishwa darasani, niliyaona kwa macho yangu.

Mwishoni mwa Ramadhani nilikwenda Sikonge siku mbili kumwona shangazi mgonjwa. Narudi, nakuta majani yote meupe kwa unga, na shemeji barazani anajipepea na kofia.

“Shemeji, nimekumalizia kazi,” akasema. “Ile dawa ya wadudu wa pamba. Vile vyekundu vyenye madoa vilikuwa vinakula maua yako.”

“Vinakula maua? Wewe uliviona vikila?”

“Ndivyo vilivyojaa, shemeji. Hiki ndicho kilimo cha kisasa. Nyie mnaogesha majani kama watoto wachanga!”

“Nani alikuomba?”

Akacheka. Alizoea kuwacheka wanakijiji wake.

Nilinyunyiza maji siku tatu mfululizo, lakini nilikuwa nimechelewa. Vidudu vyekundu vilikuwa vimelala chini, miguu juu. Utitiri haukufa, dawa ile haiuwezi, na sasa hapakuwa na wa kuula. Wiki mbili hazikuisha, majani yakageuka rangi ya shaba, matumba yakafungwa na utando kama wa buibui, yakakauka kabla ya kufunguka. Niliyakata mashina yote hadi chini, nikachoma matawi.

Siku ya harusi jirani akaleta kapu la mawaridi yake. Nikamwambia ahsante, arudi nalo. Binti yangu, na hina yake mikononi, akatoka chumbani akalipokea mwenyewe.

“Mama, mimi ndiye ninayeolewa,” akasema.

Nikampisha. Kitanda wakakipamba wanawake wengine, mimi nikabaki jikoni.

Shemeji akaja na shati jipya. “Harusi imefana, shemeji!”

“Kula pilau yako uende,” nikamjibu.

Akala sahani mbili. Sikumwongezea ya tatu, na chumba chenye kitanda kile sikuingia mpaka maua yalipofagiliwa nje.