Siku Feni Ilipogoma Misikhu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya wasichana karibu na Kitale. Tulikuwa tunakaa Matisi, mimi na mume wangu, na katika mtaa wetu ni mimi tu mwanamke niliyekuwa na gari. Lilikuwa gari dogo jeupe, kuukuu, lililokwisha kupita mikononi mwa watu watatu kabla yangu. Nililipenda sana. Lakini lilikuwa na tabia moja mbaya: lilichemka.

Halikuchemka kila mara, na hilo ndilo lililonikera. Nikiwa kwenye lami, natimua mbio kuelekea Kiminini, mshale wa joto ulitulia katikati. Nikiingia mjini siku ya soko, nikijikokota nyuma ya mikokoteni ya mahindi, mshale ulianza kupanda. Nikipata barabara wazi tena, ulishuka wenyewe.

Fundi wangu alikuwa mtu mzima mwenye karakana ya mabati nyuma ya soko la Kitale. Alikuwa amekwisha kulitazama mara mbili. Mara ya kwanza alisafisha rejeta, kile chombo cha mbele cha kupozea maji ya injini. Mara ya pili alifuta mikono kwa kitambaa, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii ni gasketi. Lazima tufungue injini yote."

"Na feni je? Inazunguka?"

"Feni iko sawa, bana. Si nimeizungusha na mkono?"

Feni ya gari lile haikuvutwa na mkanda wa injini. Ilikuwa ya umeme, na ilipaswa kujiwasha yenyewe maji ya rejeta yakipata moto. Kuizungusha kwa mkono kulionyesha tu kwamba haijakwama. Mambo ya umeme nilikuwa nayafundisha kila muhula, lakini fundi ni fundi, nami sikuwahi kushika spana maishani. Nikamwambia nitarudi baada ya harusi.

Harusi ilikuwa ya wifi yangu, kitinda mimba wa kwao, katika kanisa moja Bungoma mjini. Mume wangu alitangulia siku mbili kusaidia matayarisho, akaniachia kazi ya kupitia nyumbani kwao Ndalu kuwachukua wazazi wake. Baba mkwe ndiye angemshika bintiye mkono na kumwingiza kanisani saa tano.

Sasa, desturi ya kwetu ni kwamba baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawapeani mikono, hawaketi bega kwa bega. Watu wengi walikuwa wameanza kulegeza, lakini baba mkwe wangu hakulegeza. Kwa miaka sita ya ndoa hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Alimwambia mama mkwe, naye mama mkwe akaniambia mimi, hata kama sote watatu tulikuwa tumekaa chumba kimoja na nimesikia kila neno.

Nilifika Ndalu asubuhi na mapema. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ilikuwa tope tupu. Baba mkwe alitoka amevaa suti ya kijivu na kofia, akalizunguka gari polepole, akaingia kiti cha nyuma upande ulio mbali nami kabisa. Mama mkwe akakaa mbele.

"Mwambie asikimbie," baba mkwe alisema.

"Anasema usikimbie," mama mkwe akaniambia.

Hata ningetaka nisingeweza. Tulitambaa kwenye tope hadi tukaipata lami, na tayari mshale ulikuwa umepanda. Upepo wa lami ukautuliza. Kisha tukafika Misikhu. Ilikuwa siku ya soko, barabara imejaa ng'ombe, magunia na watu wasio na haraka. Tukasimama, tukasogea, tukasimama. Mshale ukagusa nyekundu, na mvuke ukaanza kufuka chini ya boneti.

Nikalitoa gari kando ya barabara na kuzima injini.

"Gali imeshika moto!" mama mkwe akapiga kelele. "Tushuke halaka!"

"Ni mvuke tu, mama. Tushuke pole pole."

Saa ilikuwa saa tatu na robo. Baba mkwe alishuka, akasimama hatua kumi kutoka nilipo, mikono nyuma. Sikuhitaji mtu aniambie alichokuwa akifikiri. Alimwambia mkewe kwa sauti ya kusikika, "Muulize kama tutafute gari lingine."

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilipofungua boneti niliona jambo lililonipa nguvu: maji yalikuwa yanatokota, na feni ilikuwa imekaa kimya, ingawa ufunguo wa gari nilikuwa nimeuacha umewashwa. Haikutikisika hata kidogo. Nikajua kwamba siku zote hizo nilikuwa sawa.

"Mwambie baba anipe nusu saa," nikasema.

Nilifunga leso kiunoni juu ya nguo yangu ya kwendea harusini. Kifuniko cha rejeta sikukigusa, maana maji yale yangenichoma uso. Nilianza na fyuzi. Niliitoa ya feni nikaitazama kwenye jua: ilikuwa nzima. Ili niwe na uhakika, niliweka mahali pake fyuzi nyingine ya nguvu ile ile. Feni kimya.

Kwenye kibanda cha jirani palikuwa na fundi wa redio. Nilimweleza shida yangu, akanikatia vipande viwili virefu vya waya. Nilitaka kuipa feni umeme moja kwa moja kutoka kwa betri. Kama ingezunguka, basi mota yake ilikuwa nzima na ugonjwa uko kwingine. Lakini plagi ya feni ilikuwa chini kabisa, na betri ilikuwa upande wa pili. Mikono yangu miwili haikutosha. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, wakiambizana, "Ati ni huyu mama ndiye fundi?" Hakuna aliyejitolea.

Baba mkwe alivua koti, akamkabidhi mkewe.

"Mwambie anionyeshe pa kushika."

Mama mkwe alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Anasema umuonyeshe."

"Mwambie baba waya huu aushikilie kwenye kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha, na huu kwenye kile kingine. Zisigusane."

Alikuja. Tuliinama juu ya injini ile ile, yeye upande wake, mimi upande wangu, karibu kuliko tulivyowahi kuwa. Nilichomeka ncha za waya kwenye plagi. Cheche ndogo ikaruka, na feni ikanguruma, ikatupulizia sote hewa ya moto usoni.

"Inazunguka!" baba mkwe akasema. "Mama, inazunguka!"

Mama aliyeitwa ni mimi. Nilisikia mama mkwe akivuta pumzi nyuma yetu.

"Inazunguka, baba," nikajibu.

"Sasa kama huyu ni mzima, mgonjwa ni nani?"

Nilimwonyesha swichi ndogo iliyochomekwa chini ya rejeta, yenye nyaya mbili. Kazi yake ni kuhisi joto la maji na kuiamuru feni iwake. Nilizima ufunguo, nikairudisha plagi ya feni mahali pake, nikazitoa nyaya za swichi, nikaziunganisha zenyewe kwa zenyewe kwa kipande cha waya, kisha nikaufungua tena ufunguo wa gari. Feni ikanguruma tena. Swichi ndiyo iliyokufa.

"Kumbe mlinzi amelala na mwenye nyumba anapigwa!" akasema baba mkwe, na watu wakacheka.

Nyaya niliziacha zimeunganishwa. Gari lilipopoa tuliongeza maji, tukaondoka. Feni ilizunguka bila kupumzika kupitia Webuye hadi Bungoma, na mshale haukuthubutu kupanda. Tulifika kanisani saa tano kasorobo. Baba mkwe alimwingiza bintiye akiwa na alama nyeusi ya grisi kwenye kola, na picha za harusi zinaionyesha mpaka leo.

Tangu siku hiyo alinisemesha, ila kwa mambo ya mashine tu: pampu ya kisima, trekta la jirani, redio iliyokwaruza. Mambo mengine yote yaliendelea kupitia kwa mama mkwe, nami niliona ni sawa.

Jumatatu nilimpelekea fundi wangu wa Kitale ile swichi. Alikataa katakata kwamba ndiyo iliyokuwa na ubaya. Basi nikamwomba jiko la makaa, sufuria ya maji, betri na balbu ndogo niliyoitoa maabara. Tuliiunganisha swichi ile na betri na balbu, tukakitumbukiza kichwa chake kwenye maji hadi yakatokota, balbu haikuwaka. Tukatia nyingine aliyoikopa dukani; maji yalipokaribia kutokota, tik, balbu ikawaka. Fundi alichuchumaa pale akiitazama. Akaitoa swichi, ikapoa, balbu ikazimika. Akairudisha, ikawaka.

"Mwalimu," akasema mwishowe, bila kuinua macho, "hiyo balbu unaweza kuniachia?"

Nikamwachia.