Mteja wa Mbali Kaongeza Tena

Hakuna mtu aliyemchosha Eufrasia mwaka ule kama Jeremia dalali. Kila alipomwona akikatiza soko la Mwanga kuja kwenye meza yake ya mawese, simu mkononi na meno yote nje, alijua bei ya nyumba imepanda tena.

"Shikamoo, mama. Mteja wangu wa mbali kaongeza tena."

"Marahaba. Kaongeza tena? Huyo mteja ni mtu au ni jini?"

"Mama nawe! Siri ya mteja ni siri. Ongeza kidogo tu, itakuwa yako. Ila usimwambie mtu, unawajua watu wa hapa na vijicho vyao."

Nyumba yenyewe ni ile ile aliyopanga, kule Rusimbi, mali ya marehemu mzee Nikodemu. Bati limeshika kutu, ukuta wa nyuma una ufa, lakini Eufrasia alikuwa ameishi humo tangu ana mimba ya mwanawe wa pekee, Elikana. Mzee alipofariki, watoto wake wakasema wanauza, na mpangaji asiyeweza kununua afungashe. Kwa umri ule, na madumu yale ya mawese, ahamie wapi? Alitaka naye aitwe mama mwenye nyumba, hata kama ni kwa mwaka mmoja kabla Mungu hajamchukua.

Pesa alikuwa nazo. Watu hawakujua, hata Elikana aliyekuwa machimboni Geita hakujua, maana muuza mawese mwenye akili hatangazi akiba yake.

Wala hakuwa mjinga. Alijiwekea kikomo moyoni: nikifika hapa nasimama, hata wakinicheka. Tena aligoma kutoa hata shilingi ya kushikia nyumba mpaka watoto wote wanne wa marehemu watie sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Watatu walikuwepo mjini, njaa imewatoa macho, tayari hata kesho. Wa nne, Adolf, mtoto wa mke wa kwanza, alivuka ziwa kwenda Kalemie kabla Elikana hajazaliwa, na alishatuma neno kwamba nyumba ya baba yake haiuzwi yeye akiwa hai.

"Adolf anabwabwaja tu, mama," alisema Jeremia. "Ukimsubiri yeye, mwenzio analipa."

"Na alipe! Mimi nanunua nyumba, sinunui kesi."

Mdomo ulisema hivyo, moyo unaungua. Kila alipopandisha, yule wa mbali alimpita. Mwisho akafika kwenye kikomo chake, na Jeremia akaja tena na meno yake yale yale. Siku hiyo Eufrasia alikuwa anampimia mtu mawese, yakamwagika yote nje ya chupa. Alitamani kusema ndiyo. Jamani, alitamani!

"Nimesimama," akasema. "Mwambie achukue. Na hizo pesa zake zimtokee puani."

Wiki ile ile ikauzwa. Jeremia hakusogea hata mezani, alipunga mkono kwa mbali na kupita. Eufrasia akafunga biashara mapema, akarudi Rusimbi, akaanza kutupia masufuria kwenye viroba, kila sufuria na tusi lake. Alikuwa kwenye kiroba cha pili simu ilipoita.

"Shikamoo, mama! Umekaa?" Alikuwa Elikana, anacheka.

"Marahaba. Nimekaa juu ya viroba. Tunafukuzwa, mwanangu."

"Nani akufukuze? Fungua hivyo viroba. Nyumba ni yako, mama. Nimekununulia!"

Eufrasia akainuka kutoka kwenye viroba.

"Nilimwambia Jeremia asikuambie, nilitaka nikushtukize, naye akanisihi nisimwambie mtu. Ila kuna mshenzi mmoja hapo mjini alinitesa! Kila nikipanda, anapanda. Nimeuza mpaka pikipiki."

Eufrasia akashika ukuta. Furaha ilimpanda, na hasira ikapanda pamoja nayo, na hasira ndiyo iliyoshinda, maana Jeremia alijua. Alimjua Elikana tangu anavaa kaptura, alishakula ugali wa nyumba ile, na bado aliwashindanisha mama na mwana, akawakamua wote wawili, huku akiwasihi wasimwambie mtu. Nao wakamtii! Hata kuulizana hawakuulizana. Eufrasia alijiona mpumbavu wa mwisho Kigoma nzima.

Kisha neno jingine likamjia, akaliachia sufuria alilokuwa ameshika.

"Mwanangu, umeshalipa?"

"Zote. Jeremia alisema nikichelewa, yule mwingine anachukua. Usijali, mama, watoto wa marehemu wote wametia sahihi. Kanitumia picha."

"Wote wangapi?"

"Watatu," alisema Elikana. "Kwani wako wangapi?"