Mapaja ya Godelive

Mulamu wangu Godelive, dada ya marehemu bwana yangu, zamani alibeba ng'ombe ku mugongo kutoka Kipese mupaka ku soko ya Butembo. Kama mutu anabisha, basi iwe mbuzi. Lakini mi nilikuwa nyuma yake na niliona ile mapaja: kila moja kama kinu. Kamba ku paji ya uso, kitunga ya viazi ku mugongo, anapanda mulima huku anaimba cantique ya kanisa.

Njo bita ikafika. Kila wiki basoda bengine benye bunduki, na bote balikuwa na njaa ileile. Balichukua kuku, balichukua sabuni, balichukua hata kinkina, ile maganda ya muti ya dawa tunalimaka kwetu ku milima. Godelive akasema yake habataiona. Akavuna, akajaza magunia ingali mbichi, akasukuma chini ya kitanda. Akalala juu yake miezi saba kama kuku ku mayai. Maganda ikaota ukungu mweupe. Kila akijigeuza, vumbi inapanda.

Akaanza kukohoa, kavu-kavu. Tulipokimbia Kipese na kuja Butembo, alikuja na magunia yake, tukaisukuma chini ya kitanda ya pale tena. Mi njo nilisukuma. Nani alijua?

Batu bakasema ni tebe, kifua kikuu. Na kwetu mugonjwa anaheshimiwa: hapana kuchota maji, hapana kugusa jembe, analala karibu na moto na banamulisha. Binti yake Bénite alimuchanulia hata nywele. Kisha miezi tatu ya heshima, Godelive hakuweza kuinuka ku kiti bila batu babili kumuvuta.

Halafu Kipese ikatulia, na habari ikatoka kule. Kasonia, ndugu ya marehemu bwana yake, alikuwa anatembea mu shamba ya Godelive, anapima kwa hatua. Alisema: "Ule hatarudia. Mapafu imekwisha." Kwetu, shamba isiyolimwa misimu mbili inapata mwenyewe mwingine, na musimu moja ilikuwa imekwisha kupita. Kamio, ile lori ya abiria, ilikuwa inaishia ku barabara kubwa. Kutoka pale ni kupanda kwa miguu saa mbili.

"Mi nitapanda," Godelive akasema. Kusema tu, alikohoa mupaka chai ikapoa.

Tukamupeleka kwa muuguzi, infirmier Onésime. Alipima makohozi mara tatu: hakuna tebe. Akaweka sikio ku mugongo, akasema mapafu inalia kama maganda ya maharagi makavu unakanyaga. Ku picha ya kifua ilionekana nyuzi-nyuzi kama neti ya zamani. Akatazama kucha, zilikuwa zimevimba mviringo. Kisha akauliza: "Mama analala juu ya nini?"

Mi nikatazama dari.

Tulipomwambia, alishika kichwa. "Mutoe ile magunia leo! Vumbi ya ukungu yake njo inakula mapafu. Na dawa nitatoa. Lakini Mama, ile inakuangusha sasa si mapafu tu. Ni mapaja." Akaviringa ile kitambaa ya mashini ya kupimia presha ya damu, akamupa. "Kamua." Mushale ya mashini ikatingishika kidogo tu. Kisha ku kiti, mikono ku kifua, dakika moja ya saa: asimame, akae, asimame. Godelive akasimama mara sita. Onésime akapima paja kwa kamba ya mushoni, akaandika mu kaye, daftari yake.

"Mulimulalisha sana," akasema. "Musuli isiyotumika inayeyuka. Na hii dawa nitamupa ya mapafu, ikikaa mu mwili, inaipunguza pia. Kila wiki mbili mukuje nipime. Akisimama mara makumi mbili, na akitembea dakika sita bila kupumzika, atapanda."

Magunia tukaizika mu shimo. Godelive akafunga kamba ku paji ya uso, ndani ya kitunga boga moja, akatembea mupaka ku kanisa na kurudi. Kisha boga mbili.

"Mama, utakufa!" Bénite akalia.

"Nikilala njo nitakufa. Sogea, unanizibia njia."

Wiki mbili kisha: mara tisa. Na Kasonia alikuwa tayari anafyeka. Mi nikaona hesabu hii inatembea polepole kama kinyonga. Basi siku ya kupimwa ya pili, nikamuzungushia Godelive bikwembe bitatu, nguo za kujifunga, ku paja, chini ya sketi.

"Iko baridi, pima juu ya nguo," nikasema.

Onésime akapima. Kamba ilikaribia kuisha. "Mukaka," akaniita, njo heshima ya mama muzee, "hii paja alikula nini?"

"Maharagi ya Masereka."

"Unipe mbegu." Akashika ncha ya kikwembe iliyochungulia, akavuta. Ikakuja, ikakuja, ikatoka ku mulango, ikafika mupaka ku barrière ya basoda ku barabara. Soda akadhani ni bendera, akapiga saluti.

Tulicheka wote. Kisha Onésime akaacha kucheka. "Mukaka, ningeandika ile mu kaye, ningemuruhusu. Na angeanguka katikati ya mulima. Paja ya kikwembe haipandi."

Nikapata haya. Ilidumu mupaka mangaribi, ni rekodi yangu.

Tangu pale tulipima ya kweli. Kumi na tatu. Kumi na moja, sababu ya malaria. Kumi na saba. Mashini ya kukamua ikaanza kumuogopa. Mapafu haikupona yote, hapana. Ile nyuzi ilibaki ku picha. Alijifunza kupumzika kabla ya kuchoka. Na siku moja akafikisha makumi mbili, akatembea dakika zake sita, akamwambia Onésime afunge kaye.

Tukapanda Kipese. Mara kumi na mbili tukapumzika, na mara nane ilikuwa sababu yangu.

Kasonia alikuwa mu shamba, jembe ku mukono, kiti yake pembeni. Akatuona, jembe ikaanguka.

"Shemeki! Banasema wewe..."

Godelive aliweka pumzi yake kwa kazi. Alikaa ku kiti ya Kasonia, akafunga mikono ku kifua. Akasimama. Akakaa. Akasimama. Kasonia, mudomo wazi, akaanza kuhesabu bila mutu kumutuma. Alipofika makumi mbili na moja, akaokota jembe yake aende zake.

"Kiti uniachie," Godelive akamwambia. "Niko na kazi nayo kila asubuhi."