Mafiga ya Mawe Meupe

Enzi zetu, sisi tuliokulia chini ya mteremko wa Sekenke, mtoto asiyejua mawe alichekwa kama asiyejua kuchunga mbuzi. Sijisifu bure. Nifumbe macho hata leo, niwekee jiwe mkononi, nitakuambia ni la nini.

La kijivu lenye chengachenga ni la majabali yale yaliyotapakaa Singida nzima, na ndilo tulilosagia uwele. Linalobanduka vipande vyembamba vya kung'aa ni ulanga. Tulivibandika usoni kwa mate tukijifanya maharusi. La udongo ulioshikamana unalijua kwa ulimi, maana ukililamba linanata. Na lile jeusi, zito, lisilo na chenga, ukiligonga linalia ngo! Likiwa na ufa, sauti inakuwa bubu.

Lakini tulilolienzi ni lile jeupe. Wachimbaji walilifuata kwa sababu dhahabu hujificha ndani yake. Niliona wanaume wazima wakiligeuzageuza juani kama wanaomkagua mtoto mchanga.

Basi nilipokuwa na miaka kama kumi, wakwe wa dada yangu Naomi walikuwa wanakuja kujitambulisha. Mama akanituma mlimani nilete mafiga mapya matatu, yale ya zamani yalikuwa yamekwisha kuliwa na moto. Nami, kwa kutaka kumpendeza, nikaleta mawe meupe, mazuri ajabu. Mama alikuwa ananyonyoa kuku, hakuyatazama. Nikayapanga mwenyewe, nikawasha kuni.

Wageni ndiyo kwanza wamekaa, shikamoo bado zinaendelea, tukasikia paa! Figa moja limepasuka. Sufuria ikalala upande, mchuzi wote wa kuku ukamwagika jivuni. Naomi akaangua kilio, akijua watu wale watasema nyumba hii haijui hata kupika. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mama akaokota kipande, akakitazama.

"Hili ni la kutafutia dhahabu, mwanangu. Mimi nilitaka la kupikia. Rudi, na safari hii tumia masikio."

Mama mdogo akasema, "Dada, wacha niende mimi. Wageni wana njaa."

"Aende yeye," mama akajibu, akaenda kukamata jogoo.

Nilipanda nikilia. Huko juu nikajifuta kamasi, nikaanza kazi. Ya kwenye korongo niliyaacha, yalikuwa yamekunywa maji, na jiwe lenye maji hupasuka motoni. Nikagonga, nikategea sikio, nikagonga tena, mpaka nikapata meusi matatu yaliyolia vizuri. Nikayabeba kichwani moja moja, safari tatu, shingo nusura ikatike.

Jogoo akaiva. Wageni wakala, wakalamba vidole. Baba mkwe alipopita jikoni kuaga akauliza mafiga yale yametoka wapi.

"Kayachagua binti yangu," mama akasema. Hakuongeza neno kuhusu yale meupe. Jamani, nilivimba kichwa wiki nzima! Na tangu siku hiyo hakuwahi kukagua jiwe lolote nililoleta.

Siku hizi wajukuu wanakuja kutoka mjini na simu zao. Wanaliinamia jiwe, wanalipiga picha kama bibi harusi, simu inawatajia jina. Mara nyingi inapatia, sikatai. Juzi mmoja alinisomea jina refu la jiwe nililolikalia, nikamuuliza kama linafaa kupikia. Akasema, "Bibi, si tuna gesi?"

Tulicheka wote. Ila nilimwonea huruma kidogo. Simu yake inamjibu kila anachouliza, lakini hajawahi kukosea mbele ya wakwe, kisha mama yake akamtuma tena yeye yuleyule, akaenda kukamata kuku wa pili akiwa na hakika kwamba atarudi na mawe yenyewe.