Uji wa Nzi wa Marselina

Ukungu bado umelala juu ya mibuni ya Mbinga. Ndani ya maabara ndogo ya utafiti, Marselina Komba anagonga chupa mezani. Nzi waliomo, vile vinzi vinavyozunguka ndizi mbivu jikoni, wanaanguka chini, kisha wanapanda upesi kuta za chupa. Anagonga chupa ya pili. Humo wengi wanabaki chini wakihangaika.

“Hawa ndio wagonjwa wangu,” anasema, akishusha pumzi. “Wapo. Mungu mkubwa.”

Kazi yake ni kuwapikia nzi uji wa mahindi, sukari na hamira. Hao wagonjwa wamerithishwa kasoro inayowapata pia binadamu: protini hujikunja vibaya, hurundikana kwenye ubongo na kuuharibu taratibu. Mtu huanza kutetemeka, hatua zikawa nzito. Kwa kuwa maisha ya nzi ni mafupi, watafiti huona mapema dawa ipi inafaa kufuatiliwa.

Mama yake, Gertruda, anaumwa ugonjwa huo huko Kingerikiti. Majirani walisema karogwa.

“Hata mimi niliamini,” anasema Marselina. “Daktari Protasi wa hapa maabara aliponieleza, nilipiga simu palepale. Nikamwambia, mama, hakuna aliyekuroga. Tulilia wote, lakini tulipumua.”

Ndiyo maana mwezi uliopita nusura azimie. Unga wa maabara uliisha, naye kwa moyo mweupe akaleta wa nyumbani. Alisahau kwamba mahindi yake yalitoka ghalani, yakiwa yamechanganywa na dawa ya kuua dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, kama ilivyo kwa wakulima wengi wa huku. Asubuhi nzi walikuwa wamelala chali, chupa baada ya chupa.

“Nilimwambia daktari, nimewaua wote.”

Protasi, mtafiti mkuu, hakufoka. “Dada, kwanza tutafute,” alimjibu.

Nyuma ya rafu waliikuta chupa moja ya wagonjwa ambayo, uji ulipopungua, Marselina aliiwekea ndizi ya kuponda. Ndani yake funza walikuwa wakitambaa. Walipogeuka nzi, aligonga chupa huku roho mkononi. Wakashindwa kupanda; kizazi cha wagonjwa kilikuwa kimeokoka.

“Nikashangilia! Halafu nikaona aibu. Nani anashangilia wagonjwa?”

Sasa unga hununuliwa dukani tu. Kila Jumapili mama yake huulizia hali ya nzi.

“Shikamoo mama. Wanaumwa vizuri tu,” Marselina humjibu, na kicheko cha bibi huyo husikika hadi nje ya simu.

“Natamani siku moja nibadilishe jibu,” anasema, akiirudisha chupa rafuni. “Nimwambie, mama, leo wamepanda.”